Ala Isiyoumiza

Bastola ya saizi kamili ilibuniwa na mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti. Nilifikia hitimisho hilo wiki yangu ya kwanza kazini, nikiwa abiria ndani ya gari dogo jeupe kwenye foleni ya kwenda Parramatta, mpini umenikita chini ya mbavu na mtutu umelala juu ya mfupa wa nyonga. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, shahada mbili za fasihi, kitambi cha wastani, na kibali cha serikali cha kubeba silaha ambayo hakuna mtu aliyetakiwa kuiona.

Kampuni yetu ilikusanya fedha kwenye klabu na baa zenye mashine za kamari, huko magharibi mwa Sydney. Kampuni kubwa zilitumia magari ya chuma na walinzi wenye sare, na katika miaka ile ya elfu mbili walinzi wenye sare walikuwa wakivamiwa mara kwa mara. Bosi wetu, polisi mstaafu, aliona njia nyingine: watu wawili, gari la kawaida, mashati ya kawaida, begi la michezo. Ulinzi wetu wa kwanza ulikuwa kutotambulika. Wa pili ndio uliokuwa ukinichoma nyonga.

Aliniajiri baada ya kuniangalia kwa muda mfupi mno. Akasema ninafanana na mtu aliyekuja kutengeneza mashine ya fotokopi, na akaonekana amefurahi kweli. Nyumbani Tanzania niliandika makala magazetini miaka mingi nikitamani siku moja mtu anitambue kituo cha basi. Sasa nilikuwa nalipwa mshahara mzuri kuliko ule ili nisitambuliwe na mtu yeyote.

Bastola ilikuwa ya kampuni. Kila asubuhi niliichukua kutoka kwenye sefu ofisini, kila jioni niliirudisha, na sheria ilikuwa kali kuhusu hilo. Zote zilikuwa kubwa, kwa sababu bosi alizinunua zamani kwa ajili ya walinzi wa sare na hakuona sababu ya kununua ndogo. Lakini ala, yaani ule mfuko wa kuivalia kiunoni, kila mtu alijitafutia yake.

"Prof, gun ni ya kampuni, lakini mgongo ni yako," alinieleza mwenzangu, Mkenya wa Nairobi aliyekuwa dereva wetu. "Tafuta kitu poa. Hiyo umevaa inakaa kama mimba imepotea njia."

Alisema kweli. Ofisi ilikuwa imeniazima ala ya nailoni iliyoning'inia nje ya suruali. Nilipotembea ilibembea, nilipokaa ilinisukuma, na niliposimama shati lilinasa kwenye mpini. Kutwa nzima nilijivutavuta shati kama msichana aliyevaa sketi fupi kanisani. Mtu anayeumia kiunoni hujishika kiunoni, na kazi yetu ilikuwa mtu asijue tuna kitu kiunoni. Kwa hiyo starehe haikuwa anasa. Nyumbani kwangu, ilikuwa sharti la ndoa.

Tulikuwa tunaishi Doonside, karibu na stesheni kiasi cha kusikia treni. Mke wangu ni Mkongo, kwao ni upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, lakini alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Tulijuana hapa hapa Sydney kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto wa watu. Yeye alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, tulikuwa na binti wa miaka minne, na mwaka ule mama wa mke wangu alikuwa ameruhusiwa kuja kuishi nasi.

Mama mkwe alikuja na begi moja na tabia moja. Alilala na viatu. Viatu vya kamba, vya kahawia, vilivyofungwa fundo mara mbili. Alilala navyo kitandani juu ya kitambaa alichokitandika miguuni ili asichafue shuka, maana alikuwa mtu msafi sana. Mke wangu alinieleza sababu mara moja tu. Watu waliokuja kumchukua baba yake hawakuwa na sare. Walivaa mashati yaliyopigwa pasi, na bunduki zao ndogo zilikuwa chini ya mashati. Walibisha hodi vizuri, wakasalimia. Mama yake alikimbia porini pekupeku na watoto, miguu ikachanika, na tangu hapo hakuvua viatu ili alale, si kambini, si kwenye ndege.

Halafu, mwezi wa tatu au wa nne wa yeye kukaa kwetu, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mke wangu aliniita kwa kidole. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi kidogo. Mama amelala ubavu, nyayo zake nje ya blanketi, zina makovu meupe. Viatu vilikuwa chini ya kitanda, vimepangwa sambamba kama vya mgeni.

Mke wangu alilia jikoni, kimya, bomba likiwa limefunguliwa. Kisha akafunga bomba.

"Mama amevua viatu," akasema. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Anajua wewe unafanya hesabu ofisini Parramatta. Abaki anajua hivyo. Siku utakapomvalisha mama yangu viatu tena, baba, mimi na wewe tutakuwa tumemalizana."

Hakupandisha sauti. Wiki iliyofuata nilianza kutafuta ala nyingine.

Ya kwanza kununua ilikuwa ya kuvaa begani, mikanda ya ngozi nyekundu iliyopita mgongoni, bastola ikilala kwapani. Ilinipendeza sana kwenye kioo cha duka. Nilijiona mpelelezi. Tatizo ni kwamba inahitaji koti juu yake, na mwezi wa Januari, Mount Druitt, lami ikiwa laini kwa joto, mwanamume aliyevaa koti anatangaza kwamba anaficha kitu. Mwenzangu aliniangalia nikitokwa jasho hadi kwenye miwani.

"Buda, unafanana na pastor ameiba sadaka," akasema. "Toa hiyo kitu kabla hujazirai, mimi sikubebi."

Nikaitoa. Ala iliyofuata niliipata kwenye duka la bunduki lililojificha nyuma ya duka la matairi. Muuzaji, mwanamume mwembamba aliyetafuna njiti ya kiberiti, hakuniuliza bastola gani kwanza. Alinisogezea kiti.

"Kaa," akasema. Nikakaa. "Sasa funga kamba ya kiatu."

Nikainama na ala ya kwanza aliyonipa, na mpini ukanipiga mbavuni, shati likapanda mgongoni. Akatikisa kichwa akaichukua. Ya pili vivyo hivyo. Akanieleza kwamba mtu hatakiwi kuinama kutoka kiunoni akiwa na silaha kubwa, bali apige goti moja, mgongo wima, kama anayechumbia. Na kwamba kila ala ni nzuri ukiwa umesimama. Ununue ile inayokuruhusu kufunga kiatu.

Ile niliyonunua ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe, nene, ya kuvaliwa ndani ya suruali, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Ilikuwa imelazwa mbele kidogo ili mpini usichomoze nyuma ya shati. Ilifunika kifyatulio chote. Mdomo wake ulikuwa umeongezewa kipande kigumu cha ngozi ili usijifunge bastola ikitoka, na upande wa mwilini ulikuwa na ulimi mpana uliozuia chuma kisiguse ngozi yangu. Vitanzi viwili vilishika mkanda, kimoja mbele, kimoja nyuma, kwa hiyo uzito uligawanyika badala ya kuning'inia sehemu moja. Nililazimika kununua pia mkanda mgumu wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, na suruali zilizozidi saizi yangu kwa namba moja, jambo ambalo mke wangu alilieleza kwa majirani kuwa ni matumaini ya kunenepa.

Ngozi ile ilikuwa imelowekwa na kukandamizwa hadi ikashika umbo. Ukiitazama tupu uliona bastola nzima: mtutu, kifyatulio, hata ukingo mdogo wa juu. Ilikuwa ngumu mwanzoni. Muuzaji alisema niivae tupu kwa muda, nyumbani, kwenye kochi, kwenye ngazi, mpaka ijue mwili wangu.

Nikaivaa nyumbani. Ndiyo, najua. Lakini ilikuwa tupu, ilikuwa chini ya shati, na zaidi ya hayo nilikuwa na kinga ambayo sikuifikiria hata kidogo, kama mtu asivyofikiria paa la nyumba yake. Mama mkwe wangu hakunitazama.

Kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja hupisha. Hata kuongea, huongea kupitia mtu wa tatu, na mtu wa tatu nyumbani kwetu alikuwa binti yangu wa miaka minne, aliyeelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza.

"Ambia baba yako chai iko mezani," mama mkwe angesema, akiwa amesimama mita moja kutoka kwangu.

"Mwambie bibi ahsante," ningesema.

Na mtoto, bila kuinua macho kwenye michoro yake, angejibu kwa Kiingereza kwamba sote wawili tumesikia.

Mimi nilitoka kwenye watu wanaokumbatiana na wakwe zao na kuwatania, na mwanzoni niliiona heshima hiyo kama ubaridi. Lakini nilipoanza kuvaa ala, nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Niliketi sebuleni Jumamosi nzima nikiizoesha ngozi, nikasimama, nikakaa, nikafika rafu ya juu, nikapiga goti kufunga kiatu, na mama mkwe akipita na ndoo ya nguo, macho chini. Kioo cha bafuni kiliniambia sionekani. Mwenzangu kazini alizunguka gari mara kadhaa akinichungulia.

"Prof, sasa uko clean. Ningekuwa jambazi ningekusalimia tu nipite."

Baada ya muda ngozi ikalainika pale ilipotakiwa kulainika. Ikashika joto la mwili. Nilikaa garini kutwa, nikashuka kwenye korido za nyuma za klabu zenye harufu ya bia ya jana, nikasimama karibu na milango ya chuma nikisubiri ifunguliwe, na sikusikia kitu kiunoni. Hilo ndilo lilianza kunitisha, ingawa kidogo. Nilipokuwa naumia nilijua nimebeba nini. Sasa ilinibidi niguse kwa kiwiko kuhakikisha ipo. Niliigusa mlangoni, niligusa kwenye taa za barabarani, niligusa nikiongea. Jioni nilirudisha bastola kwenye sefu, nikarudi Doonside kwa treni na ala tupu chini ya shati, kwa sababu kuivua ilimaanisha kuvua mkanda wote, na nilikuwa nimeshaisahau.

Nyumbani mambo madogo yakaanza kusogea.

Kwanza ilikuwa kiti changu. Nilikuta kimehamishwa upande wa pili wa meza, ubavu wangu wa kulia ukibana ukuta. Nikakirudisha. Kesho yake kikawa kimehamishwa tena. Kisha binti yangu, ambaye kila jioni alinirukia mlangoni, akaanza kunijia kwa upande wa kushoto tu, akizunguka kama ndege inayotafuta uwanja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema bibi anataka hivyo. Kisha mapazia ya mbele yakawa yamefungwa mchana. Mke wangu alidhani ni jua.

Viatu vilikuwa bado chini ya kitanda. Niliangalia kila siku.

Jumamosi moja mke wangu alikuwa zamu. Nilikuwa kwenye kochi nasoma gazeti, na mtoto yuko kwenye zulia na kalamu zake za rangi. Mama mkwe aliingia akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, uso ameuelekeza dirishani, kama kawaida.

"Mujukuu wangu," akamwambia mtoto. "Ambia baba yako, ule mukono wake wa kuume hautembei."

Nilikunja gazeti.

"Wa kushoto unatembea. Wa kuume unakaa pale pale, unalinda. Hata akibeba mikate kutoka dukani, anabeba na kushoto."

"Mwambie bibi mkono wangu unauma," nikasema. "Kazi ya kuandika."

Mtoto alitutazama wote wawili, akaweka kalamu chini.

"Ambia baba yako hauumi," mama mkwe akasema polepole. "Zamani uliuma, alipokuwa anatembea mubaya. Sasa hauumi tena. Amepata kitu kizuri. Ngozi nzuri. Minasikia harufu yake, na mafuta ya ile kitu, hata kama ile kitu haiko."

Nilitazama kiunoni kwangu. Shati lilikuwa limeshuka vizuri, halina kivimbe. Na hapo hapo nikaelewa nilichokuwa nimekosea tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimechagua ala kwa ajili ya macho ya watu wanaotazama usoni: wezi, wahudumu wa baa, mwenzangu. Mtu anayekuheshimu kwa kutokutazama usoni anaweka macho yake mahali fulani, na tangu siku aliyofika uwanja wa ndege mama mkwe aliyaweka pale yalipofika yakishushwa. Sura yangu hakuijua vizuri. Mkanda wangu aliujua kama mimi nijuavyo sauti ya mke wangu. Alikuwa ameona suruali zikiongezeka upana, mkanda ukinenepa, vitanzi viwili vipya vya ngozi, na namna nilivyoacha kuinama nikaanza kupiga goti.

"Mwambie bibi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mhadhiri aliyepoteza karatasi zake, "kwamba haina kitu ndani. Hapa nyumbani haiji. Ni kazi. Serikali imeruhusu."

Mtoto aliinuka, akaja upande wangu wa kulia, akaninyanyua shati. Akatia vidole kwenye mdomo wa ala, akavitoa. Akamwambia bibi yake kwa Kiingereza kwamba ni kweli, haina kitu.

Mama mkwe hakugeuka. 

"Ikiwa tupu," akasema, "sasa ile kitu iko na nani?"

Nikaanza kueleza habari za sefu, ofisi, kibali. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, na nilisikia mwenyewe jinsi ninavyofanana na mtu aliyebisha hodi vizuri na kusalimia.

"Na bale wengine," akauliza, bado kwa mtoto, "bale wenye anaogopa mpaka anabeba ile kitu, banajua hapa anapolala?"

Ndilo swali nililokuwa nimekaa nalo kwenye korido zote za klabu, na sikuwahi kumwambia mtu. Nilisema hapana, hawajui. Yeye alinyanyuka akaenda kuangalia maharage.

Nilimweleza mke wangu aliporudi. Alisikiliza akiwa bado amevaa sare ya kazini, akaenda chumbani kwa mama yake, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema mama anasema hana neno na mimi, kwamba mimi ni mtu mzuri, na kwamba hata wale waliobisha hodi walikuwa watu wazuri kwa mama zao.

"Viatu?" nikauliza.

"Viko chini ya kitanda," akasema. "Kwa sasa."

Jumatatu niliacha ala ofisini, ndani ya droo, na nikarudi nyumbani na mkanda mwembamba wa zamani. Nilijiona nina kiuno cha mtu mwingine. Tulikuwa tumemaliza mapema, bado kuna jua kali barabarani, na nilitembea kutoka stesheni nikizungusha mkono wa kulia kwa makusudi, kama askari kwenye gwaride, mpaka jirani akanipungia akidhani namsalimia.

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Nyumba kimya, jikoni safi. Nyuma ya mlango wa mbele palikuwa na lile begi moja alilokuja nalo, limefungwa. Nilivua viatu nikapita koridoni kwa soksi.

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo. Walikuwa wamelala wote wawili, usingizi wa mchana, mama mkwe upande wa nje, mtoto upande wa ukutani. Kile kitambaa kilikuwa kimetandikwa miguuni, kimepanuliwa kiwatoshe wawili. Mama mkwe alikuwa na viatu vyake vya kahawia. Binti yangu alikuwa na viatu vyake vyekundu vya shule ya awali, kamba zimezungushwa kifundoni na kufungwa fundo mara mbili.

Niliingia. Nikapiga goti moja, mgongo wima, kama nilivyofundishwa dukani, ingawa kiunoni sikuwa na kitu. Kiwiko changu cha kulia kikarudi nyuma kikagusa nyonga, hakikukuta kitu, kikagusa tena. Nikaanza kufungua fundo la kiatu cha kushoto. Lilikuwa limekazwa na mtu anayejua kukaza.

Lilipolegea mtoto alifumbua macho. Aliniangalia, kisha akaangalia mkono wangu juu ya kiatu chake.

"Acha, baba," akaninong'oneza, kwa Kiswahili, kile cha bibi yake. "Sisi tunalala hivi."

Mgongo wa mama mkwe ulikuwa umenielekea. Hakusogea, lakini hakuwa anapumua kama mtu aliyelala.

Nikalifunga tena lile fundo, mara mbili, kama nilivyolikuta.